Saa inasema 174, mimi napiga soga: nani anakosea?

Swali: "Daktari, shikamoo. Nina miaka 41, ni mwalimu hapa Arusha. Nilianza kukimbia mwaka jana na nalenga kilometa 21 za Kilimanjaro Marathon mwakani. Nimenunua saa ya michezo, ile yenye taa za kijani kwa nyuma. Alfajiri nikianza kukimbia taratibu na wenzangu, ndani ya dakika tatu inapanda hadi 174, na wakati huo tunapiga soga bila shida. Nikifika kama dakika ya 12 inaanguka ghafla hadi 138 na kukaa hapo. Jumanne tukipanda kilima kwa kasi, sekunde 60 hivi kila mpando, nafika juu sina pumzi hata ya kusema jina langu, saa inasema 131. Mume wangu anataka niende kupimwa moyo. Mwenzangu anasema saa hizi hazikutengenezewa ngozi nyeusi. Muuzaji anasema ninunue mkanda wa kifuani. Nimsikilize nani?"

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kila mmoja wa hao watatu ana kipande cha haki, lakini hakuna aliyetaja kinachoonekana wazi kwenye barua yako: hiyo 174, kwa uwezekano mkubwa, haitoki moyoni. Inatoka miguuni. Saa inahesabu hatua zako na kuzitangaza kuwa ni mapigo. Ile 131 ya kilimani ni kosa jingine, lina sababu zake na dawa yake. Nianze na hili la miguu, maana ndilo linalomnyima mumeo usingizi.

Mkimbiaji wa kawaida akienda taratibu hupiga hatua kati ya 150 na 180 kwa dakika, akihesabu miguu yote miwili. Mapigo ya mtu anayekimbia kwa bidii nayo huangukia humo humo. Kwa bahati mbaya basi, namba mbili zisizohusiana zinaishi nyumba moja, na saa ikikosa kumwona mwenye nyumba humchukua mpangaji. Sasa tazama umri wako. Kanuni ya zamani, 220 toa umri, inakupa upeo wa mapigo 179. Ile iliyochapishwa mwaka 2001 na mtafiti Tanaka na wenzake, 208 toa umri mara 0.7, nayo inakupa 179. Kwa hesabu hiyo 174 ni asilimia 97 ya upeo wako. Mtu aliye hapo hapigi soga. Anatoa neno moja moja, tena la kuomba msimame.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe leo bila kutumia senti. Fungua programu ya saa kwenye simu, chagua mazoezi ya siku moja kati ya hizo, kisha tazama grafu mbili: ya mapigo na ya hatua kwa dakika, ambayo programu nyingine huiita kadensi. Zikienda sambamba kwa dakika hizo 12 za mwanzo, moja 174 na nyingine 172 au 175, umempata mwizi wako. Dalili ya pili ni namna namba ilivyoshuka. Moyo wenye afya ukiendelea kufanya kazi ile ile hauanguki kutoka 174 hadi 138 ndani ya sekunde chache. Hupanda na kushuka kwa mteremko, hauruki ngazi. Ukiona ukuta wima kwenye grafu wakati mwendo wako haukubadilika, mara nyingi ni saa iliyoachia hatua na kuyapata mapigo.

Ili uelewe kwa nini saa inadanganyika kirahisi hivyo, jua inachokitazama. Haisikii moyo. Taa za kijani zinamulika ngozi, mwanga unazama milimita moja hivi, na kihisi kidogo kilicho katikati ya taa kinapima ni mwanga kiasi gani uliorudi. Himoglobini ya damu inaumeza mwanga wa kijani vizuri, kwa hiyo kila wimbi la damu likifika kwenye vishipa vya ngozi, mwanga unaorudi hupungua kidogo, kisha huongezeka wimbi likipita. Saa inahesabu hayo mawimbi. Mbinu yenyewe si mpya: mwanafiziolojia wa Marekani Alrick Hertzman aliieleza tangu miaka ya 1930, na kile kibanio wanachokubana kidoleni hospitalini ni ndugu yake. Tatizo ni ukubwa wa ishara. Sehemu ya mwanga inayobadilika kwa ajili ya pigo la moyo ni asilimia 1 au 2 hivi ya mwanga wote unaorudi. Mtikisiko wa mkono unaokimbia, saa inayoinuka na kutua juu ya ngozi, damu inayosukwasukwa na kila hatua, vyote hivyo vinaweza kubadilisha mwanga kwa kiasi kikubwa kuliko pigo lenyewe. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona huku mashine ya kusaga inanguruma pembeni.

Watengenezaji wanalijua hilo. Ndani ya saa kuna kipima mtikisiko, kile kile kinachohesabu hatua, na programu ya saa hujaribu kutoa mdundo wa hatua kwenye ishara ya mwanga ili kibaki kilicho cha moyo. Mapigo yakiwa 140 na hatua 172, kazi hiyo inafanyika vizuri, mradi mapigo yanaonekana. Yasipoonekana kabisa, mdundo pekee ulio wazi mbele ya saa ni hatua, na programu, ambayo imeandikwa itoe namba, inatoa hiyo. Ndiyo maana kuna watu wanaofunga saa kwenye chupa ya maji au ndizi, ikatoa mapigo 80, wakaanza kucheka. Haithibitishi kwamba saa ni feki. Inathibitisha tu kwamba kifaa kinachotafuta mdundo, kisipoupata, kitaokota chochote. Ukipita barabara mbovu juu ya bodaboda unaweza kuona kituko hicho hicho.

Kwa nini basi ni dakika 12 za mwanzo tu? Kwa sababu ya baridi. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na alfajiri za Juni hadi Agosti huko nazijua. Ukitoka nje na mikono ya baridi, mwili unaibana mishipa midogo ya ngozi, hasa ya mikononi, ili joto libaki ndani. Damu inayofika chini ya saa inakuwa kidogo, wimbi linafifia, na saa inabaki na miguu yako. Baada ya dakika 10 au 15 mwili umepata moto, sasa unataka kutoa joto badala ya kulihifadhi, mishipa ya ngozi inafunguka, damu inajaa kwenye kifundo cha mkono, na mapigo yanaonekana. Hapo ndipo 138 yako inapotokea. Rafiki yako wa Tanga au Dar akikimbia saa hizo hizo na saa kama yako anaweza asilione tatizo hili kabisa, ila yeye ana jasho la kupambana nalo.

Sasa kilima. Hapo saa haikukupa hatua, imekupa namba ya chini, na ukweli ni kwamba makosa mawili yamepandana. La kwanza si la saa. Moyo wenyewe huchelewa. Ukianza kupanda kwa nguvu zote, miguu inadai oksijeni papo hapo, lakini mapigo yanachukua muda kupanda, na katika mpando wa sekunde 60 unaweza kufika juu kabla hayajafika yanakokwenda. Hata ungekuwa na kipimo cha hospitali kifuani, mpando wa kwanza usingekuonyesha upeo wako. La pili ni la saa. Ili namba isirukeruke, saa huchukua wastani wa sekunde kadhaa zilizopita, na mapigo yakibadilika haraka namba hubaki nyuma. Ongeza kwamba kwenye kilima watu hukunja ngumi na kurusha mikono, mishipa ya kifundo inakazana, saa inahama. Tazama grafu yako ya Jumanne: nina hakika vilele vya mapigo havipo juu ya kilima, vipo wakati umeshageuka unashuka taratibu.

Kwa mazoezi ya namna hiyo, ushauri wangu ni mkali kidogo: achana na mapigo. Usiyatazame kabisa. Mpando wa sekunde 60 unaongozwa na juhudi, kwamba wa mwisho uweze kuupanda kwa muda ule ule uliopanda wa kwanza. Mapigo yana maana kwenye vipande vya dakika nne, tano na kuendelea, na kwenye mbio ndefu za taratibu. Nawaona wakimbiaji wengi wanaokatisha mpando mzuri, au kujiua kwenye mbaya, kwa sababu ya namba iliyochelewa.

Nije kwenye ngozi, maana mwenzako ameuliza jambo zito na watu hulijibu kwa wepesi mno, kwa pande zote mbili. Kifizikia ana hoja. Melanini, ile rangi ya asili inayoipa ngozi weusi wake, inameza mwanga wa kijani, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi mwanga kidogo zaidi hufika kwenye damu na kidogo zaidi hurudi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017, uliowapima watu 60 kwa vifaa saba, ulikuta makosa yakiwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa wenye uzito mkubwa kulingana na urefu wao, na kwa wanaume kuliko wanawake. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi na hawakukuta tofauti ya maana kati ya rangi moja na nyingine. Walichokikuta ni tofauti kati ya saa na saa, na kati ya kupumzika na kujishughulisha: makosa wakati wa shughuli yalikuwa juu kwa asilimia 30 hivi kuliko wakati wa kutulia.

Mimi nazisoma tafiti hizo pamoja, sizigombanishi. Melanini ipo kwenye tabaka la juu la ngozi na haidundi. Inapunguza mwanga wote kwa kiwango kile kile muda wote, haiongezi mdundo wa uongo. Saa nzuri hulifidia hilo kwa kuongeza nguvu ya taa, na betri ndiyo inayolipa. Saa ya bei ya kutupa haina taa wala betri ya kufanya hivyo. Kwa hiyo rangi haikuletei 174. Inapunguza akiba, ili baridi au mkanda uliolegea vikija vikute ishara ambayo tayari ni nyembamba. Na kwa kesi yako tuna ushahidi bora kuliko utafiti wowote: ngozi yako ya dakika ya 11 na ya dakika ya 13 ni ile ile. Kilichobadilika ni joto.

Naomba usilichanganye hili na habari ya kipimo cha oksijeni, ambayo huenda ndiyo mwenzako aliyoisikia. Mwaka 2020, wakati wa korona, madaktari wa Michigan walionyesha kwamba kibanio cha kidoleni kiliwakosa wagonjwa weusi wenye oksijeni ya chini karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Hilo ni kweli na ni kubwa. Lakini oksijeni hupatikana kwa kulinganisha rangi mbili za mwanga, na hapo rangi ya ngozi inaweza kuipotosha namba yenyewe. Kuhesabu mapigo hakuhitaji ulinganisho huo, kunahitaji mdundo tu. Kama saa yako ina kipimo cha oksijeni, hicho kichukulie kwa mashaka zaidi.

Wino ni kesi nyingine. Tatoo nzito chini ya saa inaweza kuizima kabisa, kwa sababu wino umekaa ndani ya ngozi na unakula mwanga kabla haujafika kwenye damu. Kwa kina dada wa pwani, na wa Arusha siku za harusi, nasema hivi: piko nyeusi iliyopanda hadi kifundoni inaweza kuleta usumbufu wa namna hiyo mpaka ifutike. Hamishia saa mkono usiochorwa, au ipandishe juu ya maua.

Sasa dawa. Kwanza, mahali. Watu wengi huvaa saa ya michezo kama saa ya kawaida, juu ya kifundo penyewe. Hapo kuna mfupa, kano na nyama kidogo, na mkono ukikunjwa saa inainuka na kuruhusu mwanga wa nje kuingia. Ipandishe upana wa vidole viwili kuelekea kiwiko, juu ya ule mfupa unaochomoza. Ikaze kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole, ngozi inakwenda nayo. Isiteleze, wala mkono usife ganzi. Ukimaliza ilegeze, ngozi ipumue. Kwa baridi, ivae dakika kumi kabla ya kutoka, na muhimu kuliko yote, pasha mwili ndani: ruka kamba, panda na kushuka ngazi, zungusha mikono hadi uhisi viganja vimepata moto. Vaa mikono mirefu inayofunika saa. Najua utasema huwezi kuiona. Dakika 15 za mwanzo hakuna cha kuona.

Ikiwa bado inashika hatua, simama kabisa nusu dakika, ifungue na kuikaza upya, acha itafute mapigo bila hatua kuingilia, kisha endelea. Kubadilisha mkono husaidia baadhi ya watu. Wengine huigeuzia upande wa ndani wa mkono, penye ngozi laini. Kwa kukimbia inaweza kufaa, kwa kunyanyua vyuma au kushika usukani wa baiskeli haifai, kwa sababu kano za upande huo zinacheza kila ukikaza kiganja. Mafuta ya kupaka na chumvi ya jasho hutengeneza ukungu juu ya kioo cha kihisi, kwa hiyo kisuuze kwa maji safi na ukifute. Dakika moja ya kazi.

Halafu jifunze kupima kwa vidole, maana bila hicho huna wa kumwamulia saa. Usisubiri kufika nyumbani. Simama ghafla katikati ya mbio, weka vidole viwili, si dole gumba, pembeni mwa koromeo au chini ya dole gumba la mkono wa pili, hesabu mapigo kwa sekunde 10, zidisha kwa sita. Sekunde 10 tu, kwa sababu moyo wa mtu aliyezoea mazoezi unashuka haraka akisimama, na ukihesabu dakika nzima utakuwa umepima kupumzika. Ukikosea pigo moja umekosea sita kwa dakika, na kwa shughuli yetu inatosha: tunataka kujua kama ni 138 au 174, hatutafuti 138 au 141. Fanya hivyo dakika ya tano, saa ikisema 174. Nadhani utahesabu mapigo 21 hadi 24.

Kuhusu mkanda wa kifuani, muuzaji ana haki, ingawa ana sababu zake za kuwa na haki. Mkanda hautazami damu, unapokea umeme wa moyo wenyewe, kwa kanuni ile ile ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo cha hospitalini. Ni teknolojia iliyozeeka vizuri: kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa 1977, ilitoa kipimo chake cha kwanza kisicho na waya mwaka 1982, miongo mitatu kabla taa za kijani hazijaenea kwenye saa za michezo. Baridi haiusumbui, wala hatua, wala rangi, na kwenye mabadiliko ya haraka hauchelewi kama saa. Kabla hujatoa pesa, hakikisha saa yako inakubali kuunganishwa na kifaa cha nje kwa Bluetooth au ANT+, njia nyingine ya kuunganisha vifaa bila waya, kwa sababu saa nyingi za bei nafuu hazikubali. Ikikubali, itatumia namba za mkanda na kuyaweka macho yake pembeni.

Mkanda nao una maudhi yake. Ukiuvaa mkavu utakupa upuuzi kwa dakika kadhaa mpaka utoke jasho, kwa hiyo lowesha zile sehemu za kupokelea umeme kwa maji, au mate kama wafanyavyo wengi. Fulana ya nailoni inayopepea kwenye upepo mkavu huweza kuzalisha umeme tuli na kurusha namba juu. Betri ikikaribia kuisha haifi kwa heshima, huanza kutoa namba za ajabu kwanza. Na kwa wanawake kuna kuchubuka, pale mkanda unapogombania nafasi na ukingo wa sidiria ya michezo. Wengine huuteremsha kidogo, wengine huuingiza chini ya ukingo huo. Ikikushinda, kuna vifaa vya kufunga kwenye mkono wa juu, chini ya bega. Vinatumia mwanga kama saa, lakini vimekaa penye nyama na damu nyingi, mbali na kano, mahali pasiporushwa kama kifundo, na baridi haipabani kirahisi. Kwa mtu wa hali yako huenda nikachagua hicho kabla ya mkanda.

Lakini je, unahitaji kununua chochote? Kwa kilometa 21 za kwanza, si lazima. Mbio zako nyingi zinapaswa kuwa za kuongea sentensi nzima, na kipimo hicho unacho tayari bila betri. Saa yako ina kazi ambayo inaifanya vizuri sana na watu hawaithamini: mapigo ya usingizini. Usiku mkono umetulia, ngozi ina joto, hakuna hatua. Hiyo namba iamini. Ukiona imepanda mapigo saba, nane juu ya kawaida yako kwa siku mbili, jiulize kuhusu uchovu, usingizi au homa inayokuja. Joto la mwili likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, mapigo huongezeka takriban 8 hadi 10, na si ajabu saa ikanong'ona habari ya malaria kabla wewe hujajisikia mgonjwa. Hapo nenda ukapime malaria, usikimbie.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: namba mbovu hazibaki peke yake. Zile alama nyingine zinazotolewa na saa, makadirio ya uwezo wako wa kutumia oksijeni, ushauri wa kupumzika kwa muda wa saa 60, "mazoezi yamezidi", nyingi hukokotolewa kwa mapigo na mwendo. Saa ikiona 174 kwenye mwendo wa taratibu, inahitimisha kwamba huna pumzi kabisa na mbio zile zimekuchosha vibaya. Ikiona 131 kilimani inakusifu bure. Kalori nazo ndizo duni kuliko zote: katika ule utafiti wa Stanford vifaa sita kati ya saba vilikadiria mapigo ndani ya asilimia 5, lakini kwenye nishati iliyotumika kifaa bora kilikosea kwa asilimia 27 na kibovu kwa asilimia 93. Usipange chakula chako kwa hizo. Na ile 179 yenyewe ni wastani wa watu wengi. Watu wa miaka 41 hutawanyika mapigo 10 au zaidi kila upande wake, kwa hiyo rangi nyekundu na kijani kwenye kioo cha saa zinaweza kuwa zimechorwa mahali pasipo pako hata namba ikiwa sahihi. Ukitumia dawa za presha za jamii ya atenolol au propranolol, kanuni zote mbili zitupe, maana dawa hizo huufunga moyo usipande.

Mwisho mumeo. Nilisema mapigo yanayoanguka ghafla mara nyingi ni kosa la saa, na neno mara nyingi nililiweka kwa makusudi. Yapo matatizo ya umeme wa moyo ambayo huanza na kuisha ghafla hivyo hivyo, mapigo yakaruka hadi 170 au 200 kisha yakarudi kwa mkupuo. Tofauti ni kwamba mwenye nayo kwa kawaida huyahisi, kifua kikipapatika, na vidole vyake vikihesabu vitakubaliana na saa. Pia hayafuati ratiba ya baridi na hatua kama yako. Kwa hiyo vidole ndivyo hakimu. Vikisema 138 saa ikisema 174, mwambie mumeo alale. Vikikubaliana na saa, au namba kubwa zikija ukiwa umekaa kitini, au kifua kikiuma au kubana kwenye kilima, au ukazimia au kukaribia kuzimia, au mapigo ukiyagusa hayana mpangilio, au katika familia yenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, hapo nenda, hata kama saa inasema uko salama. Moyo unaopiga bila mpangilio una mapigo mengine dhaifu yasiyofika kifundoni, na saa inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Kwa umri wa miaka 41 na mbio ndefu mbele yako, kupima presha na ECG moja kabla ya kuongeza kilometa sioni ubaya wake kabisa. Nenda na simu yenye hizo grafu mbili, ya mapigo na ya hatua, umwonyeshe daktari siku ya 174, pamoja na namba ulizohesabu kwa vidole siku hiyo.